Kodi Inaogopwa, Bima ya Taifa Inasahauliwa: Mwaka wa Kwanza wa Kujiajiri Uingereza

Mtu aliyeajiriwa Uingereza haishiki kodi yake mkononi. Tangu 1944 mwajiri huikata juu kwa juu, pamoja na mchango wa bima ya taifa, na kinachofika benki ni chake chote. Aliyejiajiri hakatwi na mtu. Fedha ya teksi, ya kusafisha ofisi, ya kusuka nywele au ya kupika kwa oda huingia nzima na kukaa kwenye akaunti ileile anayolipia pango na kuwatumia jamaa nyumbani. Sehemu ya fedha hiyo si yake tangu siku ilipoingia, ila miezi mingi hupita kabla hajaidaiwa. Mafundi wa ujenzi peke yao ndio hukatwa mapema: asilimia 20 ya malipo ya kazi kama wamejiandikisha katika mpango wa kodi wa sekta yao, asilimia 30 kama hawajajiandikisha.

Kwa Mkenya, Mtanzania au Mkongo aliyehamia huko na kuanza kazi yake mwenyewe, muda huo mrefu wa kimya ndio unaozaa hofu. Mmoja anasikia kwamba HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, itachukua nusu ya kila kitu. Mwingine anashauriwa akae kimya, hawatamwona. Naona wote wawili wanatazama upande usiofaa. Kodi ya mtu wa kipato cha kawaida ni hesabu fupi, na mara nyingi ni ndogo kuliko inavyosimuliwa. Hasara kubwa iko kwenye bima ya taifa, mchango unaojenga pensheni ya uzeeni, posho ya uzazi na msaada wa ugonjwa. Wanaoukosa ni wale wenye kipato kidogo zaidi, nao huukosa bila kupata barua yoyote ya kuwaonya.

Nianze na kodi, kwa kuwa ndiyo inayonyima watu usingizi. Takwimu zote hapa ni za mwaka wa kodi wa 2025/26, unaoanza 6 Aprili 2025 na kuisha 5 Aprili 2026. Tuseme dereva ameanza kazi ya teksi Juni 2025. Anatakiwa ajiandikishe kama mtu aliyejiajiri kabla ya 5 Oktoba 2026, kisha atapewa namba ya mlipakodi yenye tarakimu 10. Ritani ya mtandaoni na malipo yenyewe mwisho wake ni 31 Januari 2027. Kwa hiyo tangu abiria wa kwanza mpaka siku ya kulipa ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na ndani ya muda huo fedha ya serikali inalala kwake bila mlinzi.

Hesabu yake inaanzia kwenye mapato ghafi, na hapo ndipo wengi huteleza mapema kabisa. Nauli zote walizolipa abiria ni pauni 34,000. Kampuni ya teksi za simu imebaki na kamisheni ya 6,500, kwa hiyo benki imeona 27,500 tu. Mapato ghafi yake ni 34,000, si 27,500. Kamisheni inaandikwa upande wa gharama. Kisha gari. Sheria inamruhusu achague kati ya kudai gharama halisi za gari na kudai kiwango maalumu kwa maili, yaani peni 45 kwa kila maili katika maili 10,000 za kwanza na peni 25 kwa zinazozidi. Ameendesha maili 20,000 za kazi, kwa hiyo anadai pauni 4,500 na 2,500, jumla 7,000. Akichagua njia hii hawezi tena kudai mafuta, bima ya gari na matengenezo, maana vimo ndani ya kiwango kile, na gari aliloanza nalo kwa njia hii ataendelea nalo hivyohivyo. Leseni na simu ya kazi vimemgharimu 500. Gharama zote ni 14,000 na faida ni 20,000.

Pauni 12,570 za kwanza hazina kodi. Zinabaki 7,430. Asilimia 20 ya hizo ni kodi ya mapato, pauni 1,486. Asilimia 6 ni bima ya taifa ya daraja la nne, pauni 445.80. Jumla ni pauni 1,931.80, chini ya peni 10 kwa kila pauni ya faida. Nusu iliyosimuliwa haionekani popote. (Scotland ina viwango vyake vya kodi ya mapato, ingawa bima ya taifa ni moja nchi nzima.) Ila ajue kwamba kuanzia hapo kila pauni ya faida inayoongezeka inakatwa peni 26, mpaka faida ifike 50,270, ambapo kodi hupanda kuwa asilimia 40 na bima hushuka kuwa asilimia 2.

Kinachomwangusha dereva huyu ni kitu kingine: deni likizidi pauni 1,000, HMRC humtaka atangulize malipo ya mwaka unaofuata, nusu Januari na nusu Julai, kwa kukisia kwamba faida itakuwa ileile. Tarehe 31 Januari 2027 atadaiwa 1,931.80 za mwaka uliopita na 965.90 za kutanguliza. Jumla ni pauni 2,897.70 kwa siku moja, kisha 965.90 nyingine 31 Julai. Aliyejiwekea akiba ya pauni 1,900 huku akijiona mwangalifu anajikuta amepungukiwa na elfu moja. Hakuna aliyemwibia, fedha hiyo itahesabiwa mwaka unaofuata, lakini mwaka wa kwanza unauma kuliko yote na ni haki ya mtu kuambiwa mapema. Faida ikishuka anaweza kuomba malipo hayo ya kutanguliza yapunguzwe. Akipunguza kupita kiasi atatozwa riba.

Asiye na fedha Januari apeleke ritani hata hivyo. Kuchelewesha ritani na kuchelewesha malipo ni makosa mawili, kila moja na adhabu yake. Malipo yanaweza kupangiwa awamu kwa makubaliano na HMRC. Ritani haina awamu: siku moja ya kuchelewa ni faini ya pauni 100 hata kama kodi ni sifuri. Baada ya miezi mitatu ni pauni 10 kwa siku mpaka zifike 900. Miezi sita, 300 au asilimia 5 ya kodi, kile kilicho kikubwa. Miezi 12, vivyo hivyo tena. Mtu asiyedaiwa hata peni moja ya kodi anaweza kujikuta na faini ya pauni 1,600 kwa kudhani kwamba, kwa kuwa hadaiwi, hana la kuandika. Mapato ghafi ya biashara yakizidi pauni 1,000 kwa mwaka, la kuandika lipo.

Kuhusu gharama, kipimo cha sheria ni kimoja: iwe imetumika kwa ajili ya biashara tu. Neno hilo la mwisho lina makali. Wakili Ann Mallalieu alidai gharama za mavazi meusi aliyolazimika kuvaa mahakamani, mavazi ambayo asingeyavaa kwa hiari yake. Mwaka 1983 kesi ilifika Bunge la Malodi, iliyokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa, na akashindwa. Walisema nguo hizo zilimpa pia joto na staha, kama nguo ya mtu yeyote, kwa hiyo hazikuwa za kazi tu. Dereva anayenunua suti ili awapokee wateja uwanja wa ndege yuko palepale alipokuwa wakili huyo. Vesti ya kuakisi mwanga, aproni yenye jina la biashara, glavu za usafi, hizo zinapita. Chakula cha mchana hakipiti, wala malipo ya mlezi wa mtoto. Na fedha unayomtumia mama Tanga au Bukavu, hata ikiwa ndiyo sababu yako yote ya kuamka saa kumi alfajiri, si gharama ya biashara. Naliandika hili kwa uchungu kwa sababu najua linavyosikika, lakini nimeona watu wakiliingiza kwenye hesabu kwa nia njema kabisa.

Kumbukumbu zihifadhiwe miaka mitano baada ya ile 31 Januari ya ritani husika. Risiti za vituo vya mafuta na za maduka makubwa huchapwa kwa joto kwenye karatasi laini. Ukiiacha moja kwenye dashibodi kiangazi kizima, kufikia Septemba tarehe imefifia na kiasi hakisomeki. Piga picha siku hiyohiyo. Maili nazo ziandikwe safari kwa safari, kwa sababu kitabu cha maili kilichojazwa usiku mmoja wa Januari kwa wino mmoja kinajieleza chenyewe mbele ya mkaguzi.

Sasa bima ya taifa. Ilianza na sheria ya 1911 ya David Lloyd George, aliyekuwa waziri wa fedha, kwa walioajiriwa. Waliojiajiri waliingizwa 5 Julai 1948, baada ya ripoti ya mchumi William Beveridge ya 1942 kusisitiza kwamba uzee na ugonjwa havichagui aina ya kazi. Wakati huo mtu alinunua stempu kila wiki na kuibandika kwenye kadi yake. Alikiona kwa macho kile anachojijengea. Mwaka 1975 likaongezwa daraja la nne, asilimia ya faida, ambalo kwa lenyewe halimpi mlipaji haki yoyote. Haki zote zilibaki kwenye daraja la pili, ule mchango mdogo wa kila wiki. Kisha tangu 6 Aprili 2024 hakuna anayelazimishwa kulipa daraja la pili. Watu walifurahia kuondolewa kwa mzigo huo, na wachache waliuliza nini kimekwenda nao.

Utaratibu wa sasa ni huu. Faida ya mwaka ikifika pauni 6,845, unahesabiwa kana kwamba umelipa daraja la pili, na mwaka wako unaingia kwenye rekodi bila wewe kutoa kitu. Mwenye faida ya pauni 9,000 halipi kodi wala bima, na bado anapata mwaka kamili. Ikiwa chini ya 6,845, mwaka huo ni tupu, isipokuwa ukilipa kwa hiari pauni 3.50 kwa wiki, yaani 182 kwa mwaka.

Tuupime mwaka huo mmoja. Pensheni kamili ya serikali ni pauni 230.25 kwa wiki, na huipati bila miaka 35. Chini ya miaka 10 hupati chochote. Kila mwaka ni sehemu moja ya 35, karibu pauni 6.58 kwa wiki, takriban 342 kwa mwaka, mpaka kufa. Kwa anayevuka miaka 10, pauni 182 zinarudi ndani ya miezi saba ya kwanza ya kustaafu. Asiyejiandikisha kama mtu aliyejiajiri akitaka kuziba mwaka uleule lazima atumie daraja la tatu, pauni 17.75 kwa wiki, yaani 923. Kwa msusi au mpishi wa nyumbani mwenye faida ya pauni 5,000, kujiandikisha HMRC ni mlango wa mchango ulio nafuu mara tano, na kodi yake ni sifuri. Aliyemwambia ajifiche amemtia hasara. Hata asiyefikisha mapato ya pauni 1,000 anaruhusiwa kujiandikisha kwa ajili hii tu.

Mjamzito aliyejiajiri ana sababu ya haraka zaidi. Posho ya uzazi hulipwa wiki 39, na kiwango chake kinategemea michango ya daraja la pili: bila michango ni pauni 27 kwa wiki, ukiwa na michango ya wiki 13 ndani ya wiki 66 za kabla ya kujifungua ni pauni 187.18. Tofauti ni zaidi ya pauni 160 kila wiki, katika miezi ambayo hawezi kufanya kazi.

Kuna kosa moja ambalo wahasibu wa mitaani huwafanyia wateja wao na kulipwa kwalo. Mteja ana faida ya pauni 8,000. Mhasibu anabana gharama huku na kule mpaka faida iwe 5,000, kisha anamwonyesha kwa fahari kwamba kodi ni sifuri. Kodi ilikuwa sifuri tangu mwanzo, kwa sababu 8,000 iko chini ya 12,570. Alichofanya ni kumshusha mtu chini ya 6,845 na kumfutia mwaka mzima wa pensheni, na kama gharama hizo ni za kubuni amemwingiza kwenye udanganyifu pia. Uingereza yeyote anaweza kujiita mhasibu. Jina hilo halilindwi na sheria. Anayeandika ritani hupata ada yake na kuondoka, lakini mwenye kujibu kwa HMRC ni yule ambaye jina lake liko juu.

Kabla ya kulipa chochote kwa hiari, fungua rekodi yako ya bima kwenye tovuti ya serikali. Mzazi anayedai posho ya mtoto aliye chini ya miaka 12 tayari anapewa mwaka bure, na aliye na ajira nyingine huenda ameshaupata huko. Ila wazazi wasiojaza fomu ya posho ya mtoto, kwa sababu mwenzi mmoja ana kipato kikubwa, huukosa bila kujua, na mara nyingi anayepoteza ni mama aliyebaki nyumbani.

Swali kubwa zaidi ni nani hasa anafaidi unafuu wa aliyejiajiri. Machi 2017 waziri wa fedha Philip Hammond alitangaza kupandisha daraja la nne kutoka asilimia 9 hadi 10, akarudi nyuma ndani ya wiki moja kwa hasira za wabunge wa chama chake. Mwaka 2024 kiwango kikashushwa kuwa 6. Mjadala wote huzungumzwa kana kwamba ni zawadi kwa mfanyakazi. Chukua tena faida ya pauni 20,000. Angekuwa ameajiriwa kwa mshahara huo angelipa asilimia 8, pauni 594.40, badala ya 445.80. Kwa kujiajiri ameokoa pauni 148.60 kwa mwaka. Mwajiri naye, ambaye tangu Aprili 2025 anatozwa asilimia 15 ya mshahara unaozidi pauni 5,000, angelipa hadi pauni 2,250 juu ya mshahara huo. Akimwita mtu yuleyule mkandarasi, hizo zote hubaki kwake. Pamoja nazo hubaki likizo ya wiki 5.6 yenye malipo, malipo ya ugonjwa na mchango wa pensheni wa asilimia 3. Mfanyakazi ameokoa pauni 148.60, kampuni imeokoa hadi pauni 2,250 juu ya kila kichwa. Huo ni mgawanyo mbaya, na kuupamba kwa jina la uhuru wa kujiajiri hakuubadilishi.

Ndiyo maana jina aliloandika mwajiri kwenye mkataba halitoshi. Msafishaji anayepangiwa saa, anayevishwa sare na asiyeruhusiwa kumtuma mtu mwingine badala yake ana kila dalili ya kuwa ameajiriwa, na ana haki ya kuuliza. Tarehe 19 Februari 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi walistahili kima cha chini cha mshahara na likizo. Lakini uamuzi huo ni wa haki za kazini; kwa upande wa kodi madereva hao waliendelea kuwa watu waliojiajiri, wenye ritani zao. Novemba 2023 mahakama hiyohiyo iliwakatalia wasambazaji wa chakula wa kampuni ya Deliveroo haki ya kujadiliana na kampuni kupitia chama chao. Sheria ya kazi na sheria ya kodi zinamtazama mtu yuleyule na kumpa majina mawili, na mgeni ndiye anayebebeshwa kazi ya kuelewa tofauti hiyo.

Wanaoshauri kukaa kimya wajue pia kwamba kimya chenyewe kimekwisha. Tangu Januari 2024 makampuni ya majukwaa ya mtandaoni yanakusanya mapato ya wanaofanya kazi humo na kuyapeleka HMRC. Tangu Aprili 2022 dereva wa teksi England na Wales hahuishi leseni bila kupitia ukaguzi wa kodi. Kuanzia Aprili 2026 wenye mapato ghafi yanayozidi pauni 50,000 wanatakiwa kupeleka taarifa kila robo mwaka kwa programu maalumu. Wa zaidi ya 30,000 wanafuata Aprili 2027, na wa 20,000 Aprili 2028. Dereva wetu wa 34,000 ataguswa 2027, ingawa mkononi kilibaki 20,000, kwa sababu kinachopimwa ni ghafi.

Kwa mhamiaji ritani ni zaidi ya kodi. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri kabisa, hata kwa kupeleka chakula jioni. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ilisikiliza kesi za wahamiaji walionyimwa ukazi kwa sababu kipato walichotaja kwenye maombi ya viza hakikulingana na kile walichoiambia HMRC. Mahakama ilisema wapewe kwanza nafasi ya kujieleza, lakini maisha ya familia zao yalikuwa yameshatikisika. Benki nazo huomba hesabu ya kodi kabla ya kutoa mkopo wa nyumba. Anayepokea Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, anatoa taarifa kila mwezi, na baada ya miezi 12 ya kuanza biashara anaweza kuhesabiwa kana kwamba anapata kima cha chini cha mshahara hata kama hakukipata.

Wengi wa wasomaji wangu wanapanga kuzeekea nyumbani, na mipango yao inategemea bima hii. Pensheni ya Uingereza hulipwa popote uliko, lakini nyongeza ya kila Aprili hupewa walioko Uingereza, Ulaya na nchi chache zenye makubaliano nayo. Kenya na Tanzania hazimo. Anayehamia Mombasa au Moshi akiwa analipwa pauni 230.25 kwa wiki atalipwa hizohizo miaka 20 baadaye, bei zikiwa zimepanda namna gani, mpaka arudi kuishi Uingereza. Na kuanzia Aprili 2026 aliye nje haruhusiwi tena kulipa daraja la pili kwa hiari. Amebakiwa na lile la tatu, na hilo nalo kwa aliyeishi au kuchangia miaka 10. Mapengo ya nyuma kwa kawaida huzibwa ndani ya miaka sita tu. Rekodi hiyo ifunguliwe kabla ya kukata tiketi, mapengo yahesabiwe, na ile miaka ambayo faida ilikuwa ndogo ilipiwe wakati bei bado ni ile ya daraja la pili.